Haroub Hana Mtani

Siku ile wekundu walipowachapa kijani mbili bila, Temeke nzima ilikuwa na pa kuipeleka furaha yake, isipokuwa Haroub.

Si kwamba hakufurahi. Alifurahi mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa kwenye jukwaa lake la siku zote pale Taifa (vijana siku hizi wanasema "kwa Mkapa", lakini yeye mdomo umeshazoea) na goli la pili lilipoingia alimkumbatia mtu asiyemjua, jamaa mmoja mnene ananukia mishikaki, wakarukaruka kama watoto wamepewa likizo. Kisha yule jamaa akamwachia, akawageukia wenzake aliokuja nao. Na Haroub, kwa mazoea ya zaidi ya miaka ishirini, akainua macho, akavuka nyasi zote zile mpaka ng'ambo, kwenye umati wa kijani uliokaa kimya kama umemwagiwa maji, akatafuta mahali fulani juu kidogo ya mlango wa kutokea. Hapo ndipo anapokaa Apolinari. Hapo ndipo Apolinari alikuwaga anakaa.

Ukiwa upande wa wekundu huwezi kumwona mtu wa kijani sura. Kule ng'ambo watu ni punje tu. Lakini Haroub hakuwahi kuhitaji sura. Ilimtosha kujua kwamba kati ya punje zile kuna moja inayomhusu, inayomuwaza yeye kama yeye anavyoiwaza, na kwamba kipenga kikilia watakutana kwa muuza juisi ya miwa, mmoja meno yote nje, mwingine anatafuta pa kuficha uso. Siku ile alitazama, na punje zote zilikuwa watu wa watu wengine.

Hata hivyo mechi ilipokwisha alikwenda akasimama kwa muuza miwa. Alijua hakuna mtu anayekuja. Alisimama tu.

"Shikamoo mzee," yule muuza miwa akasema, huku anasukuma gurudumu la mashine. "Leo uko peke yako? Yule bwana yako wa kijani kakimbia aibu?"

"Kakimbia," Haroub akasema, akanywa juisi yake kwa haraka kama dawa.

Haroub ana duka la vitasa, bawaba na misumari Chang'ombe. Alilirithi kwa baba yake, na baba alilirithi kwa babu aliyekuja na jahazi kutoka Omani akasema anakaa mwaka mmoja tu. Mbele ya duka, chini ya paa la bati, palikuwa na karakana ya Apolinari, Mhaya wa Muleba, fundi wa milango na makabati. Fundi ananunua bawaba kwa Haroub, Haroub anamletea fundi wateja, na wote wawili wanamsema mteja akishaondoka. Urafiki ungeweza kuishia hapo na ukatosha. Ila siku ya kwanza kabisa Apolinari alitundika bendera ya kijani juu ya meza yake ya kurandia mbao, na Haroub akatoka dukani na kikombe cha kahawa, akaitazama bendera, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara: "Fundi, hilo pazia la chooni unauza?"

Utani ukaanzia hapo.

Walikuwa na sheria yao. Dabi ikichezwa wanakwenda pamoja kwa miguu, mmoja nyekundu, mmoja kijani, wanachambana njia nzima. Wakifika getini wanaagana, huyu upande wake na huyu upande wake, maana huwezi kukaa na rangi ile katikati ya rangi hii ukatoka na meno kamili. Hivyo miaka yote ile walikwenda pamoja na kurudi pamoja, lakini hawakuwahi hata mara moja kukaa viti vya jirani wakatazama mpira. Na kesho yake, aliyefungwa anavaa jezi ya mshindi tangu kufungua kazi mpaka kufunga. Haroub alikuwa na ya kijani kabatini kwa kazi hiyo. Apolinari alikuwa na nyekundu, ambayo Haroub mwenyewe alimnunulia, kubwa kumzidi, inamfika magotini kama kanzu ya mtoto wa madrasa.

"Njooni mumwone fundi amevaa ukweli," Haroub alikuwa akiwaita wapita njia.

"Cheka tu, Mwarabu," Apolinari alikuwa akijibu kutoka kwenye vumbi la mbao. "Msimu mrefu. Nitakuvika kijani mpaka mbuzi wakudhani majani."

Watu walikuwa wakitoka Keko kuja kusikiliza. Wengine walikuwa wanasingizia wanataka misumari.

Basi mwaka jana, baada ya Pasaka, Apolinari akaokoka. Alikuja dukani asubuhi, shati limepigwa pasi, akasema, "Haroub ndugu yangu, mie mambo ya mpira nimeachana nayo." Wiki ile kijani walikuwa wamefungwa, kwa hiyo Haroub akadhani ni janja ya kuikwepa jezi nyekundu. Akamcheka kutwa nzima. Akamtania kwamba hata Mungu mwenyewe hampokei mtu anayekimbia deni la jezi. Apolinari alitabasamu, akaendelea kuranda. Haikupita miezi miwili mwanawe mkubwa, Venance, akajenga karakana Pugu Kajiungeni, na baba akahamia huko na meza yake na bendera asiyoitundika tena. Pale mbele ya duka sasa kuna kijana anachaji simu za watu.

Mwanzoni Haroub alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti kila kijani wakitoka sare. Jibu lilikuwa linakuja la upole: "Bwana asifiwe, ndugu Haroub. Nimekukumbuka kwenye maombi." Haroub aliisikiliza ile sauti mara kadhaa akitafuta kicheko humo ndani. Hakikuwemo. Akaacha kutuma.

Msimu mzima alijaribu kutafuta mtani mwingine, na ukimwona Haroub alivyo, mtu wa maneno, mtu ambaye msiba ukikosa watu anaitwa yeye, ungesema hatapata shida. Alianza na kibanda umiza kimoja kule Kiwalani, chumba cha mabati chenye skrini na mabenchi, vijana wamejaa wanatukanana matusi matamu ajabu. Alipoinamisha kichwa kuingia tu, kelele zikapungua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Shikamoo."

"Mpisheni sheikh kiti jamani."

Wakamletea kiti cha plastiki, kikawekwa mbele kabisa peke yake, kama cha mgeni rasmi. Kijani walipofungwa Haroub akamgeukia kijana mmoja aliyevaa jezi yao, akamwambia, "Vipi, leo mnalala na viatu?" Yule kijana akainamisha kichwa kwa adabu. "Kweli mzee wetu, leo tumeteleza." Basi. Haroub alikuwa anataka ajibiwe, atukaniwe hata ndevu zake, na anapewa heshima. Alipotoka nje kupunga upepo alisikia kelele zimerudi palepale nyuma yake, zimejaa chumba.

Akaenda Chamazi jioni moja kwenye mechi isiyo na watu. Aliyekaa karibu naye alikuwa na redio ndogo sikioni, anasikiliza mtangazaji wa mechi ileile inayochezwa mbele ya macho yake. Haroub alipomsemesha, alinyoosha kidole: "Subiri mzee, sisikii."

Akaenda na Kinondoni, kwenye ukumbi mmoja wa bustani wenye skrini kubwa kama nyumba, wanaonyesha mpira halafu wanapiga taarabu. Mhudumu akamuuliza kama anasubiri wenzake. Haroub akasema ndiyo. Hajui kwa nini alisema. Akapewa meza ya watu wanne. Akaagiza soda, akakaa na viti vitatu vitupu, na ukumbi ulivyozidi kujaa watu wakaanza kuja.

"Baba, hiki kina mtu?"

"Kina mtu."

"Na hiki?"

"Hicho nacho."

Wakati wa mapumziko akakiachia kimoja. Kipindi cha pili kilipoanza akaachia cha pili. Mwimbaji alipopanda jukwaani Haroub alikuwa na kiti kimoja tu, alichokikalia, na meza yake ikawa imejaa pochi za akina mama wa meza ya jirani ambao hata hawakumwomba.

Kwa hiyo siku ile ya mbili bila alirudi nyumbani na furaha yake nzima, haijaguswa. Samiha, mkewe, alikuwa sebuleni anachambua mchele. Samiha mpira haujui, lakini watu anawajua.

"Mmeshinda?"

"Tumeshinda."

"Mbona kama unatoka kuzika?"

Haroub akavua viatu, akajibu kwamba uwanjani palikuwa na joto.

"Joto," Samiha akasema. "Wewe umeachwa, Haroub. Sema tu nimeachwa, mtu ajue anakupa pole ya nini. Wanawake tukiachwa tunajulikana. Nyie mnasingizia joto."

Siku chache baadaye habari ikaletwa na Deogratias, mchomeleaji wa mageti wa pale jirani. Deogratias haina maana kumtania, maana anashabikia timu moja tu, ya London, ambayo hajawahi kuiona kwa macho, na anaipigia kelele kama amezaliwa nayo. Ila kwa habari za watu, redio inasubiri.

"Mzee Haroub, bwana yako nimemwona. Yuko Shamba la Bibi."

Shamba la Bibi ndio ule uwanja mkongwe, uko ubavuni mwa Taifa kama mdogo aliyebaki nyumbani na wazee.

"Anafanya nini?"

"Mkutano wa injili, wiki hii nzima. Kavaa kizibao cha wahudumu, anapanga watu kwenye viti. Kanenepa. Tumeongea. Anasema kabla ya hapo walikuwa kwenye mfungo, huko misituni Pugu, simu zote wamemkabidhi mchungaji. Nikamuuliza vipi kipigo, akauliza kipigo gani. Hajui, nakuapia. Dabi imechezwa na hajui nani kashinda. Nikaona nisimharibie."

Neno hilo, hajui, lilimkaa Haroub kichwani siku nzima. Akawa anamhudumia mteja wa kitasa anamfungia bawaba.

Alipiga hesabu zake hivi. Akimwendea Apolinari na ushindi, atajibiwa Bwana asifiwe, kwa sababu aliyefungwa ana haki ya kujificha popote, hata kanisani. Lakini akimwendea kama aliyefungwa? Akimwendea amefungwa, na jezi ya kijani mwilini kama sheria inavyosema? Mhaya yule, amuone Haroub kavikwa kijani, halafu anyamaze? Haroub alimjua. Angevumilia kidogo, angekaza midomo, halafu kingemtoka chenyewe. Na kikishatoka kimoja, kumi vingefuata.

Jumamosi mchana akafungua kabati, akatoa jezi ya kijani, akaivaa. Samiha alimkuta mlangoni.

"Si mlishinda nyie?"

"Tulishinda."

"Na hiyo je?"

"Naenda kufungwa."

Samiha akamtazama kuanzia kofia ya mkono mpaka makubazi. "Unakwenda kwenye mkutano wa injili, na kofia, na jezi ya watu."

"Naenda uwanjani."

Kutoka dukani mpaka Shamba la Bibi si mbali, lakini ukiwa mwekundu anayejulikana, umevaa kijani wiki ile ile uliyoshinda, ni mbali. Wauza viatu vya mtumba walinyamaza alipopita. Mmoja akamfuata hatua mbili tatu. "Mzee Haroub, umehama?" Mwingine akasema, "Mwacheni, labda ni nadhiri." Bodaboda mmoja wa kijani akasimama kabisa, akampigia saluti, akamwambia karibu nyumbani baba. Haroub alitembea akitazama mbele. Hajawahi kuikana timu yake hata kwa masihara, hata mwaka ule waliofungwa na timu iliyokuja na basi bovu. Leo anaikana barabarani, mchana, na kila mtu anaona.

Getini alipokewa na binti mwenye kizibao cha manjano, jina lake Lusungu limebandikwa kifuani.

"Karibu baba, Bwana asifiwe." Akaiona kofia, akaiona jezi, akatabasamu zaidi. "Umekuja kwa maombezi?"

"Namtafuta Apolinari. Fundi. Mhaya mmoja mwenye sauti."

"Baba Apolinari? Huyo ni mpole, hana sauti. Twende nikupeleke."

Uwanja ulikuwa umejaa nusu. Kwaya inajaribu vyombo, watoto wanakimbizana kwenye nyasi, akina mama wamefungua vyungu vya chakula. Hakuna upande. Haroub aliliona hilo kwanza: watu wamekaa popote walipopenda, na hakuna aliyetazama ng'ambo.

Apolinari alikuwa jukwaani anapanga viti vya wazee. Kweli alikuwa amenenepa. Alipomwona Haroub aliacha kila kitu, akaja mikono wazi, akamkumbatia kwa nguvu, na Haroub akasikia harufu ileile ya mbao na gundi, akaona amefika.

"Haroub. Haroub wangu. Kaa hapa, kaa."

Wakakaa, viti vya jirani, mabega yanagusana. Haroub akagundua kwamba Apolinari akikaa hutikisa goti la kulia bila kuacha. Kumbe miaka yote ile alikuwa kule ng'ambo anatikisa goti.

"Samiha hajambo? Na binti yenu Maisa?"

"Wote wazima. Maisa yuko Tanga kwa mumewe."

"Mungu mwema. Na hiyo uliyovaa?"

Haroub akajiweka sawa. Akaivuta jezi mbele ionekane vizuri.

"Si unaona. Mlituchapa."

"Lini?"

"Dabi ya juzi. Mbili bila. Kipa wetu mipira yote miwili kaitema kama mtu aliyepewa viazi vya moto. Mie nimekaa pale nimeshika kichwa. Watu wenu wanaimba. Nikasema sasa nitamficha wapi Apolinari uso wangu."

Akasubiri. Aliitazama midomo ya rafiki yake kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa.

Apolinari akamwekea mkono gotini. "Poleni sana, ndugu yangu," akasema. Na alimaanisha.

Kwaya ikapiga kinanda kidogo, ikaacha.

"Basi?" Haroub akauliza.

"Basi nini?"

"Mie nimetoka Chang'ombe kwa miguu nimevaa hivi. Mtaa mzima umeniona. Halafu wewe unaniambia poleni?"

"Ulitaka nikuambieje?"

"Nicheke. Kidogo tu. Niambie nimependeza. Niambie nimevaa ukweli. Huyo Mungu wako hawezi kukasirikia hilo."

"Hawezi," Apolinari akasema. "Mchungaji mwenyewe shabiki. Wa kwenu tena. Hapa hakuna aliyenikataza kitu, Haroub."

"Nani sasa?"

Apolinari akatazama uwanjani. Goti likaacha kutikisika.

"Siku ukinivika ile nyekundu," akasema polepole, "wewe ulikuwa unafunga duka unakwenda kwa Samiha unacheka. Mie nilikuwa nakwenda kwa mama Venance na kutwa nzima ya mtaa mgongoni. Pale kazini nakujibu, naweka na chumvi, watu wanaondoka wameshiba. Nikifika nyumbani hakuna cha kujibu. Mboga ikikosa chumvi, sahani inaruka. Mtoto akicheka, nadhani ananicheka mie. Venance na wadogo zake walikuwa wanaijua ratiba ya ligi kunizidi. Unajua kwa nini? Siku ya dabi walikuwa wanaomba kwenda kulala kwa shangazi yao."

Haroub akaiachia jezi aliyokuwa bado ameivuta mbele.

"Si wewe uliyeirusha sahani," Apolinari akasema. "Ni mie. Kwa hiyo niliyemwacha ni yule, si wewe."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Ungenicheka."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyotaja kipimo cha mlango. Na Haroub, ambaye katika maisha yake hajawahi kukosa la kujibu, alipekua kichwa chote, akakuta ni kweli. Angemcheka. Angetoka na kikombe cha kahawa akamuuliza fundi, kwenu sahani zinapaa?

Lusungu akapanda ngazi mbio. "Baba Apolinari, unahitajika mlango wa pili, kuna basi limeleta wageni."

Apolinari akasimama, akamkumbatia Haroub tena pale alipokaa, kichwa chake kwenye kizibao. "Kesho pia tupo. Njoo. Nitakuwekea nafasi hapa hapa karibu yangu." Akashuka, na njiani kila mtu akawa anamshika mkono, huyu baba, huyu mpendwa, watoto wanamning'inia. Haroub alimsindikiza kwa macho mpaka alipoingia kwenye watu, na safari hii hata punje yake aliijua ni ipi, lakini punje yenyewe haikugeuka kumtazama.

Lusungu alikuwa bado amesimama pale.

"Baba, samahani," akasema kwa sauti ndogo. "Nilipokuleta nilibaki kidogo kupanga viti hapo nyuma, nikasikia. Sie si ndio tulishinda?"

"Tulishinda."

"Mbona umemwambia..."

"Nilitaka anicheke."

Binti akafikiri. Akavuta kidogo kola ya kizibao, na chini yake ukaonekana ukosi wa jezi nyekundu. "Mie mwekundu mwenzio," akasema. "Hata ningetaka kukusaidia, siwezi."

Haroub akamshukuru. Akatoka kabla mahubiri hayajaanza, akarudi kwa njia ya nyuma ya viwanda, isiyo na watu wanaomjua.

Samiha alikuwa ameshapakua. Hakuuliza kitu mpaka Haroub alipokula matonge kadhaa.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta. Kanenepa."

"Mmetaniana?"

Haroub akamweleza. Alimweleza habari ya sahani, na ya watoto waliokuwa wakienda kulala kwa shangazi. Alieleza akitazama meza. Alipoinua macho aliona uso wa Samiha haujashtuka.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Mama Venance aliniambia zamani. Enzi hizo Maisa yuko shule bado."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa ukirudi siku zile unacheka kuanzia getini," Samiha akasema. "Nyumba nzima unaijaza. Unamwigiza fundi, unaniigiza na mimi, mpaka majirani wanakuja. Ningekuja nikuambie kicheko chako kinafikia wapi? Nilimwambia mama Venance avumilie. Siku hizi nikikumbuka naona haya."

Wakaendelea kula. Nje kijana wa jirani alikuwa anaupigapiga mpira ukutani, mara kwa mara, bila mtu wa kumrudishia.

"Na mie?" Haroub akauliza baadaye. "Siku nilizofungwa mie, nilikuwaje humu ndani?"

"Wewe? Ulikuwa hurushi kitu. Ulikuwa unanisimulia tu. Mechi nzima, nani kampa nani, nani kakosa, mpaka nasinzia na bado unaongea."

"Ya juzi sijakusimulia."

"Hujanisimulia."

"Nikusimulie?"

Samiha akasukuma sahani pembeni, akaweka viwiko mezani. "Nisimulie."

Haroub akaanza. Bado alikuwa na jezi ya kijani mwilini. Akaeleza joto lilivyokuwa, winga alivyoanza kumsumbua beki tangu mwanzo, kona iliyozaa goli la kwanza, na jinsi uwanja ulivyoinuka. Samiha alimtazama usoni muda wote, hakusinzia, na aliitikia ehe kila mara, mara nyingi mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alipofika kwenye goli la pili, lile tamu, Samiha akauliza kwa upole hilo wamefunga akina nani.

"Sie," Haroub akasema.

"Ehe," Samiha akaitikia. "Endelea."

Akaendelea mpaka mwisho.